Ekari mbili kando ya Nyamwamba: usichimbe bado

Usichimbe. Kabla ya pampu, kabla ya vifaranga wa samaki, kabla ya kuwalipa vibarua hata shilingi mia, weka jembe chini. Umeandika kwamba umepata ekari mbili ukingoni mwa mto Nyamwamba, chini ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, na unataka kuchimba mabwawa ya samaki. Ulipima mto mwezi wa Januari ukakuta upana wa mita 6 na maji ya magotini, na huyo anayekushauri amechukua takwimu za mvua za mjini, akakuambia mto ule hauna tatizo. Maneno hayohayo kikundi chetu cha wafuga samaki kiliambiwa, na mtu aliyefika na buti safi, kamba ya kupimia na karatasi zenye mihuri. Tulimlipa. Tukachimba mabwawa pale alipoonyesha. Mei 2020 mto ulipita juu ya kila kitu: perege, nyavu, kibanda cha mlinzi, hata ule udongo mweusi tuliokuwa tukijivunia. Yakabaki mawe, mengine makubwa kuliko bodaboda. Kama kuna mvuvi wa Ziwa George, mto huu unakoishia, aliyepata perege wanono mwaka ule, ajue alikula wa kwetu.

Mkopo wa yale mabwawa tuliulipa miaka mingi baada ya mabwawa yenyewe kutoweka. Mtaalamu hakupokea simu tena.

Sasa sikiliza, ndugu yangu, maana hapa ndipo pesa yako ilipo. Mvua inayokunyeshea wewe si mvua ya mto wako. Kasese iko kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Rwenzori, yaani upande ambao mlima unauzuilia mvua. Uwanda wetu ni mkavu, ndiyo maana watu wanalima kwa kumwagilia, lakini huko juu mlimani mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Unaweza kuwa umeanika mahindi juani huku mto unakuja. Kwa hiyo takwimu za mjini hazikusaidii chochote. Unachotakiwa kujua ni eneo lote la mlima linalomwaga maji yake kwenye mto huo, na jinsi lilivyokaa.

Fanya hesabu na mimi. Milimita 1 ya mvua kwenye kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000, yaani lita milioni moja. Chukua bonde la kilomita za mraba 100, linyeshewe milimita 50 jioni moja, jambo ambalo mlimani si la ajabu. Hizo ni mita za ujazo milioni 5. Tuseme nusu inanywewa na ardhi na nusu inateremka: milioni 2.5. Zikishuka ndani ya saa 6, ni mita za ujazo kama 116 kila sekunde. Na mto wako wa Januari? Upana mita 6, kina nusu mita, maji yakienda nusu mita kwa sekunde, unapata mita za ujazo 1.5 kwa sekunde. Linganisha 1.5 na 116, kisha uniambie kipimo cha Januari kinakulinda na nini.

Tazama pia jinsi ardhi inavyobadilisha jibu. Maji hayohayo milioni 2.5 yakichukua siku 3 kupita badala ya saa 6, mto unabeba chini ya mita za ujazo 10 kwa sekunde. Mvua ni ileile, kilichobadilika ni umbo la nchi. Nenda kwenye mto Katonga uone: nchi tambarare, vinamasi, mafunjo kila upande, maji yanatambaa. Mafuriko ya mto kama huo huja polepole na hukaa. Nyamwamba ni kinyume chake: bonde jembamba, kuta zimesimama, miamba, udongo mwembamba unaoshiba haraka. Mvua ya kwanza ya Machi ardhi inainywa. Ile ya Mei inakuta ardhi imeshashiba, na karibu yote inakimbilia mtoni. Ndiyo maana mvua mbili zenye kipimo kimoja si lazima zilete mafuriko yaleyale.

Ongeza na uoto, maana mlima uliopoteza miti na majani hauyashiki maji. Mwaka 2012 moto uliunguza sehemu ya juu ya bonde la Nyamwamba, na tarehe 1 Mei 2013 mafuriko yakashuka hadi Kilembe, ule mji ulio juu ya mto, na Kasese. Mwaka 2020 yakaivunja hospitali ya Kilembe. Haya yote yalikuwa yanajulikana kwa kila mama muuza ndizi kabla yule bwana hajafungua mkoba wake! Hakumuuliza mzee yeyote. Hakupanda hata hadi Kilembe. Alipima maji yaliyokuwa mbele ya buti zake akaita hiyo kazi. Hadi leo nikikumbuka ile mihuri damu inachemka.

Na usidanganywe na hadithi ya barafu ya Margherita, kilele cha juu cha Rwenzori. Utasikia kwamba mto unaishi kwa barafu, na kwamba barafu ikiisha mto utatulia. Hata kwenye Mubuku, mto jirani ambao unapokea maji ya barafu, mchango wake ni mdogo mno ukilinganisha na mvua. Maji ya kiangazi yanatoka zaidi kwenye udongo wa juu na vile vinamasi vya mlimani vinavyoachia kidogo kidogo.

Kitu kingine: Nyamwamba unashuka na mawe. Ukifika kwenye tambarare unapungua kasi, unayaacha, kitanda cha mto kinapanda, na mafuriko yanayofuata yanatafuta njia mpya. Ukingo wa leo unaweza kuwa katikati ya mto mwakani. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka uache mita 30 kutoka ukingoni, na 100 kwa mito iliyoorodheshwa. Kwenye mto kama huu mimi nazihesabu hizo 30 kuwa chache sana.

Umeuliza pia pampu ya nguvu gani, na perege au kambare. Sijayajibu, na sitayajibu leo. Kesho panda Kilembe kwa miguu, fuata mto. Waulize wazee maji ya 2013 na ya 2020 yalifika wapi, nyumba ipi, mti upi. Kisha rudi shambani kwako ufanye vivyo hivyo na majirani, ukapige kigingi kwenye kila alama. Kama bwawa lako liko chini ya kigingi chochote, lisogeze juu hata kama maji itabidi yavutwe kwa bomba refu. Piga picha za vigingi uzilete hapa, tuzungumzie pampu tukiviona.