Sukari 5.8 asubuhi na unataka kuacha dawa? Soma hapa kwanza

Mkuu, hivyo vidonge usivitupe. Subiri.

Umeandika una kisukari aina ya pili, umemeza metformini miezi minne, kiu imekata, usiku huamki tena kukojoa, na jana kabla ya kula kifaa kimesoma 5.8 mmol/L. Sasa unataka kuacha dawa uhamie kwenye unga wa mizizi wa jamaa anayedai "unasafisha kongosho". Halafu ukaongeza maswali ya matunda, mazoezi na kama watoto watarithi. Hayo yasubiri. Nilipofika kwenye hiyo sentensi ya kuacha dawa mwili ulinisisimka, maana hata mimi niliwahi kuisema, ila sikumwuliza mtu.

Hebu tuanze na hiyo kiu iliyokata. Kiu na mikojo mingi huja pale sukari ya damu inapozidi uwezo wa figo kuirudisha, kwa watu wengi ni karibu na 10. Ikivuka hapo inamwagika kwenye mkojo na kuondoka na maji ya mwili. Ikishuka ikawa 9, mkojo unatulia, koo linalowa, unajiona mzima kabisa. Wakati huohuo hiyo 9 inatafuna mishipa midogo ya damu ya macho, ya figo, na ile inayolisha mishipa ya fahamu ya miguuni. Kimya kimya. Kwa hiyo ukiniambia "najisikia vizuri", nakuamini, na haibadilishi kitu.

Na hiyo 5.8 umeipata ukiwa unameza dawa! Metformini inalizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, ndiyo maana asubuhi yako imekuwa nzuri. Dawa imefanya kazi, shukrani yake kufukuzwa. Tena kipimo cha kidole cha asubuhi ni sawa na kumchungulia mtoto akiwa amelala ukasema nyumba hii ina mtoto mtulivu. Baada ya kula je?

Mimi niliacha dawa, nikahamia unga wa mizizi kama huo. Mwanzoni raha tupu, watu wananisifia nimenawiri. Ikaja ganzi kwenye nyayo. Nikasingizia viatu, nikasingizia umri, nikasingizia kukaa sana. Nilipomrudia yule muuza unga akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyesomea, kwamba ganzi ni "sumu inatoka mwilini", niongeze vijiko. Nikaongeza. Ndugu yangu, mtu mzima mwenye akili zake nikaongeza vijiko.

Siku moja mke wangu akaona soksi yangu ina damu. Ndani ya kiatu kulikuwa na kokoto, nimetembea nalo kutwa nzima na sikulisikia. Fikiria hapo: kokoto! Kidonda kilikuwa kidogo, hakiumi, nikakidharau kwa sababu hakiumi, na hilo ndilo lililoniponza zaidi. Mguu wa mgonjwa wa sukari usiouma ndio wa kuogopa. Usaha ukaingia hadi kwenye mfupa. Kufika hospitali HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, ni asilimia 11 na ushee, kidole gumba kikaondoka, na jirani yake akamfuata. Sasa mtu akisema jambo fulani linahesabika kwa vidole, mimi namuuliza vya nani. Macho nayo nimepigwa mionzi ya leza kwa sababu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ilianza kuvuja damu.

Yule mtaalamu wa mizizi? Aliposikia neno "kukatwa" simu yake ikaanza kukosa mtandao. Na uongo wake mkubwa, ambao naona na wewe umeshaletewa, ni kwamba vidonge vya hospitali vinaua figo. Kinachoua figo ni sukari yenyewe na presha isiyotibiwa. Metformini hupunguzwa au kusimamishwa figo zikiwa tayari zimedhoofika sana, kwa sababu hutolewa kwa njia ya mkojo na isipotoka inarundikana mwilini. Watu wanaona mgonjwa wa figo kaachishwa dawa, wanageuza hadithi. Nikikutana na huyo muuza unga njiani nitamkimbiza, ingawa kwa mwendo wangu wa sasa atanishinda.

Sharti langu ni moja, liandike ukutani: dawa haiguswi mpaka HbA1c ionekane na daktari aliyekuandikia aseme. Kipimo hicho kinaangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kinakuonyesha miezi miwili mitatu iliyopita, na ile mikesha uliyokula ukadhani hakuna aliyeona imo. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Wengi walio kwenye dawa hulenga karibu na 7, daktari anakurekebishia kulingana na umri na hali yako. Kama una selimundu au upungufu wa damu mwambie mapema, kipimo kinaweza kudanganya.

Wapo wanaoacha dawa kihalali, sibishi, hasa waliopunguza uzito mwingi mapema. Lakini hata hao hawatangaziwi nafuu mpaka HbA1c ikae chini ya 6.5 kwa angalau miezi 3 baada ya kuacha, na wanaendelea kupimwa. Na wewe mwingine unayesoma una aina ya kwanza, usithubutu hata kufikiria: bila insulini damu inajaa asidi na kifo hakiko mbali.

Matunda kula, acha juisi.

Sasa leo usiku, kabla hujaenda kuomba HbA1c, lala chali, vua soksi, fumba macho. Mtu akuguse taratibu kwa ncha ya kidole chake, sekunde moja au mbili, asisukume: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, kila mguu. Useme ni mguu wa kulia au wa kushoto kila unapohisi. Mimi kipimo hicho sikifanyi tena kikamilifu, vifaa havitoshi. Vikikupita viwili au zaidi kati ya vile sita, usingoje tarehe yako ya kliniki, nenda kesho ukaangaliwe miguu.