Bajaji ni Kiswahili, hata ikiwa ni TVS

SWALI: Niliandika hivi katika jarida letu la mtaa: "Bajaji mbili ziligongana karibu na stendi." Mhariri akafuta "bajaji" akaweka "pikipiki za magurudumu matatu". Anasema Bajaj ni jina la kampuni lililosajiliwa, tunaweza kushtakiwa. Tena moja ya zile mbili ilikuwa TVS, ya kampuni nyingine. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Sentensi yako irudishwe kama ulivyoiandika.

Bajaj Auto ni kampuni ya India, na jina lake ni alama ya biashara. Lakini wewe hukuandika Bajaj, uliandika bajaji. Watanzania wamelipa neno hilo irabu ya mwisho, wameliingiza katika ngeli ya I-ZI (bajaji imeharibika, bajaji zimejaa), na wamelinyambua hadi likazaa kibajaji, jina la utani ambalo mwanasiasa Livingstone Lusinde amejulikana nalo kwa miaka mingi. Ushahidi mzito kuliko wote ni ule uliomtia shaka mhariri wako. Watu husema "bajaji aina ya TVS" na hakuna anayeshtuka. Kama bajaji ingekuwa bado jina la kampuni moja tu, maneno hayo yangekuwa upuuzi. Yanaeleweka kwa sababu bajaji sasa ni aina ya chombo, na TVS ni mtengenezaji wake. Liandike kwa herufi ndogo. Herufi kubwa, bila i ya mwisho, ibakie kwa kampuni. Mabajaji utayasikia mtaani, lakini katika maandishi rasmi wingi ni bajaji.

Kuhusu sheria, alama ya biashara humlinda mwenye bidhaa dhidi ya mfanyabiashara mwingine anayeitumia kuuzia mali yake. Anayebandika jina la Bajaj kwenye chombo cha kiwanda kingine ana kesi ya kujibu. Mwandishi anayesimulia ajali hauzi chochote.

Hata hivyo hofu ya kampuni ni ya kweli, maana jina likizoeleka mno huweza kupotea. Mwaka 1921 mahakama ya Marekani iliamua kwamba kwa wanunuzi wa kawaida aspirini lilikuwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni ya Bayer peke yake; Kanada, hadi leo, Aspirin ni alama ya Bayer. Mwaka 1950 kampuni ya lifti ya Otis ilipoteza haki ya jina Escalator (ngazi za umeme), na matangazo yake yenyewe, yaliyolitumia kama neno la kawaida, yakawa ushahidi dhidi yake. Mwaka 1963 ikawa zamu ya thermos, chupa ya chai. Lakini usiseme kwamba Bajaj tayari imepoteza jina lake hapa kwetu. Neno letu na alama yao vinaweza kuishi pamoja.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe ningeshika kalamu ya mhariri. Kwenye mkataba wa mauzo, "bajaji moja" haitoshi: mnunuzi atadai Bajaj, muuzaji atamletea TVS, na wote wawili watakuwa na hoja. Andikeni pikipiki ya magurudumu matatu, kisha mtaje mtengenezaji na modeli. Kwenye maandishi ya afya nasisitiza zaidi. Tumezoea kuita kila kidonge cha maumivu panadoli. Mzazi aliyempa mtoto Panadol, ambayo dawa yake ni parasetamoli, kisha akampa dawa ya homa yenye jina jingine kwenye boksi, huenda amempa parasetamoli mara mbili bila kujua, na parasetamoli ikizidi huumiza ini. Hapo jina la dawa yenyewe liandikwe waziwazi, na msomaji aambiwe alitafute kwenye boksi kabla ya kumpa mtoto dawa ya pili.