Waipa za Umeme Kwenye Boti Yenye Kabini: Kabla Hujashika Drili, Soma Hapa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Ana boti ndogo yenye kabini, mvua ikinyesha haoni mbele, na kuna mtu kamshauri achomoe mota ya waipa kwenye gari bovu aifunge humo. Anauliza kama itafaa. Ndugu yangu, umenigusa penyewe, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena na fundi niliyekuwa namlipa. Nilipomjibu kwamba nataka mota ya boti na nitaifunga kwa mkono wangu, aliniambia mbele ya watu kwamba umeme wa boti si mchezo wa watoto. Yale maneno hayajanitoka. Leo waipa zangu zinafanya kazi mvua na mawimbi, na nalisema hili kifua mbele.

Mota ya gari iache kwenye gari. Nyingi hurudisha umeme kupitia bodi ya gari, kwa kuwa ile bodi ni chuma na imeungwa na hasi ya betri. Boti ya faibaglasi haina chuma cha kufanyia hivyo. Ya alumini ndiyo hatari zaidi, kwani umeme ukivuja mwilini mwake na chini kuna maji chumvi, alumini inaliwa. Hasi ya boti irudi kwa waya wake hadi kwenye betri. Kwa hiyo tafuta mota iliyotengenezwa kwa boti, ya volti 12 ikiwa betri yako ni ya volti 12, na shafti yake, yaani kile chuma kinachotokeza nje na kuuzungusha mkono wa waipa, iwe ya chuma cha pua.

Kabla hujatoa hela, kikague kioo chenyewe. Kama ni plastiki, achana na waipa mpaka ukibadilishe: raba ikiburuta chembe za chumvi juu ya plastiki, itajaa michoro na jua likipiga hutaona kitu. Kama ni kioo kilichokazwa kwa moto, usithubutu kukitoboa, maana kinasambaratika chote. Mota inakaa kwenye fremu au kwenye ukuta wa kabini, juu au chini ya kioo.

Sasa tundu. Hapa ndipo kazi ilipo, na wengi wanapaharakia. Nilikata ukanda wa kadibodi urefu sawa na mkono wa waipa, nikaubana kwa pini pale nilipodhani shafti itatokea, nikauzungusha huku na huku. Kisha nikaketi kwenye usukani, kimo kilekile ninachoketi nikiendesha, mwenzangu akiuzungusha nje. Mahali palipopendeza kwa kusimama palikuwa pabaya kwa kukaa. Tukahamisha pini, tukajaribu tena, hadi eneo linalofutwa likawa mbele ya macho yangu. Ndipo nikapima unene wa ukuta, maana shafti ikiwa fupi nati haitapata pa kushika.

Ukuta wa kabini mara nyingi una mbao katikati ya tabaka mbili za faibaglasi. Fundi yuleyule aliwahi kutoboa tundu la taa kwangu akaiacha mbao wazi, akapaka silikoni juu juu tu. Nilipoichomoa ile taa na kugusa kwa bisibisi, mbao ilibonyea kama mkate uliolowa. Tundu la waipa nililitoboa kubwa kuliko shafti, nikalijaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu, nikasubiri ikauke kabisa, ndipo nikatoboa katikati ya epoksi kwa kipimo halisi. Maji yakipenya hayaikuti mbao. Inachosha, na ndiyo maana mafundi wengi hawafanyi.

Umeme wenyewe hauna makuu. Fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri, kwa ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi ya mota. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, na unene wake uuhesabie safari ya kwenda na kurudi. Mota iwe mbali na dira, kwani ina sumaku ndani. Ikiwa ni ya kujirudisha yenyewe pembeni, ifungie swichi yake yenye waya wa ziada; swichi ya kawaida inakata umeme mkono ukiwa katikati ya kioo, mbele ya uso wako. Na usiufunge mkono kwanza. Washa mota ikiwa tupu, zima, iache ijirudishe, halafu ndipo uupachike mkono pale unapotaka ulale.

Naona watu wanafunga spika kubwa na taa za rangi, na kioo cha mbele wanakifuta kwa tambara. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 5, zinataka kila chombo kiwe na uangalizi wa kutosha, kwa kutazama na kusikiliza, wakati wote. Mvua haikupi ruhusa. Mtu anayeogelea mbele yako au kidau kisicho na taa hakijui kwamba kioo chako kina ukungu. Ukiwa umewabeba watu, macho yako ni ya wote.

Zikishafungwa, usiziwashe juu ya chumvi kavu. Mwagia kioo maji yasiyo na chumvi kwanza, au funga pampu ndogo ya kunyunyizia, na kila urudipo suuza raba na sehemu ya shafti inayotokeza nje.