Ukitaka Kuijua Historia ya Mieleka, Anza na Uongo Wake

Muulize shabiki yeyote mkongwe bingwa wa kwanza wa WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, alikuwa nani, atakujibu papo hapo: Buddy Rogers, mwaka 1963. Muulize tena Rogers alimpiga nani kuupata ubingwa huo, na hapo ndipo utamu unapoanza. Mashabiki wa wakati ule waliambiwa kwamba alishinda mashindano ya mtoano mjini Rio de Janeiro. Mashindano hayo hayakuwahi kufanyika. Miaka 16 baadaye, Septemba 1979, kampuni ileile ilimtangaza Pat Patterson kuwa bingwa wake wa kwanza wa Intercontinental, ubingwa wake mwingine. Mkanda aliupata wapi? Kwenye mashindano ya Rio de Janeiro. Nayo pia hayakuwahi kufanyika.

Nimeipenda mieleka tangu utotoni, na kila mara hukutana na mtu anayeanza kuipenda akitaka kujua ashike wapi. Wengi hukimbilia orodha: nani ana mikanda mingapi, nani alikaa na ubingwa siku ngapi. Mimi huwaambia waanze na uongo. Ukikuta jambo ambalo halikutokea lakini limeandikwa kama lilitokea, usiliruke na kusema "aa, si ni maigizo tu." Tulia hapo hapo ujiulize: nani aliuhitaji uongo huu, na ulikuwa unaziba tundu gani?

Chukua hiyo Rio ya kwanza. Januari 24, 1963, mjini Toronto, Rogers alipoteza ubingwa wa dunia wa NWA kwa Lou Thesz. NWA ulikuwa muungano wa mapromota, ulioanzishwa mwaka 1948 huko Waterloo, Iowa, na kila promota alikuwa na eneo lake. Wale wa kaskazini mashariki mwa Marekani, Vince McMahon mkubwa na Toots Mondt, walikuwa wakijaza kumbi kwa jina la Rogers. Wakayakataa matokeo ya Toronto kwa hoja kwamba ubingwa hauwezi kubadilika katika pambano la kuangushana mara moja tu. Wakajitenga na kuunda WWWF, ndiyo WWE ya leo. Sasa wana bingwa, lakini ubingwa wake umetoka wapi? Ukatafutwa mji wa mbali. Mei 17 mwaka huohuo, Bruno Sammartino alimmaliza Rogers kwa sekunde 48 ndani ya Madison Square Garden, na habari ya Rio haikuwa na kazi tena.

Ndani ya uongo mmoja unaona ugomvi wa kibiashara, ramani ya mapromota na kuzaliwa kwa kampuni iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote duniani. Hakuna orodha ya mabingwa itakayokufundisha hayo.

Jambo la pili ninalolishauri ni daftari lenye safu mbili. Upande mmoja andika kilichotangazwa, upande wa pili andika kilichotokea. Usifute upande wowote. Mfano mwepesi: WrestleMania ya kwanza, lile onyesho kubwa la kila mwaka la kampuni hiyo, Machi 31, 1985, King Kong Bundy alitangazwa kumshinda S.D. Jones kwa sekunde 9. Washa video, shika saa. Utazipita sekunde 20 kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu. Mfano mzito zaidi: rekodi za WWE zinaonyesha Bob Backlund alikuwa bingwa mfululizo tangu 1978 hadi 1983. Lakini Novemba 30, 1979, mjini Tokushima, Japani, Antonio Inoki alimshinda. Wajapani waliliona, magazeti yao yaliliandika, na kampuni ya Marekani haikumhesabu Inoki. Safu zote mbili ni historia, moja ya ulingo na nyingine ya ofisi.

Ndivyo ilivyo kwa Fabulous Moolah pia, anayesemwa kushikilia ubingwa wa wanawake kwa miaka 28, tangu 1956 hadi 1984. Katikati hapo alishindwa zaidi ya mara moja na kuurudisha mkanda, ila hesabu rasmi ikayameza hayo. Kinachoniuma ni kwamba wanawake waliomshinda walifanya kazi yao usiku ule mbele ya watu waliolipa kiingilio, na majina yao yakafutwa ili namba moja ipendeze. Ukiandika daftari lako, waandike: Bette Boucher, 1966. Sue Green, 1976. Wanastahili.

Halafu ile namba ambayo kila shabiki anaijua, 93,173, waliotangazwa kujaa Pontiac Silverdome kwenye WrestleMania III, Machi 29, 1987. Wapo waliochunguza na kusema walikuwa karibu 78,000. Mabishano haya sitayamaliza mimi, wala hayanikoseshi usingizi, maana usiku ule una mambo matamu zaidi ya hesabu ya vichwa. Tuliambiwa André the Giant hajawahi kushindwa kwa miaka 15 na kwamba hakuna aliyewahi kumbeba na kumbwaga. Hulk Hogan mwenyewe, mpinzani wake wa usiku ule, alikuwa amembwaga mwaka 1980 katika uwanja wa Shea, New York. Na Juni 1986, miezi michache tu kabla ya Silverdome, Inoki alimbana mkono hadi akasalimu amri. Enzi zile kilichotokea Japani kilibaki Japani, kwa hiyo promota angeweza kuandika historia upya kila msimu.

Lakini ukiniuliza nini cha kutazama usiku ule, sitakupeleka kwa Hogan na André. Tazama Randy Savage na Ricky Steamboat. Savage alikuwa mtu wa kupanga kila hatua kabla ya pambano. Yeye na mwenzake waliandika mfuatano mzima na kuhojiana kama wanafunzi wanaosubiri mtihani: hatua ya kumi ni ipi, ya ishirini je? Wapo wanaosema hilo linapunguza thamani. Mimi naona ndilo linaloipandisha. Tazama mara ya kwanza kwa ajili ya raha. Mara ya pili usiwaangalie nyuso, mwangalie mwamuzi, uhesabu ni mara ngapi mkono wake unakaribia kugonga mkeka mara ya tatu na bega linanyanyuka. Mara ya tatu ifuate kengele ya ulingoni. Miezi kadhaa nyuma Savage alikuwa ameitumia kengele kumponda Steamboat koo. Sasa anaitafuta tena. George Steele, aliyesimama upande wa Steamboat, anamnyang'anya. Savage anaipata, anapanda nayo kambani, Steele anamsukuma, anaanguka. Anasimama, anamnyanyua Steamboat ili ambwage, na Steamboat anamkunja hapo hapo, mabega chini, moja, mbili, tatu. Silaha iliyoanzisha kisa ndiyo iliyomponza mwenye nayo, na hakuna mtangazaji anayehitaji kukueleza. Wameshona hadithi ya miezi katika pambano lisilofika dakika 15.

Ukishazoea, rudi nyuma zaidi. Nenda Chicago, Aprili 3, 1908, Frank Gotch na George Hackenschmidt wakipambana kwa takriban saa mbili hadi Hackenschmidt akakubali yaishe. Walirudiana mwaka 1911 katika Comiskey Park, Hackenschmidt akiwa na goti bovu. Kisha ingia miaka ya 1920, kwa watu watatu: Ed "Strangler" Lewis, meneja wake Billy Sandow, na yule yule Toots Mondt. Hao ndio walioligeuza pambano la kuchosha la masaa kuwa onyesho lenye mwendo, muda maalumu na mwisho uliopangwa.

Hapo usiharakishe, kwa sababu ndipo palipotokea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Januari 1925 walimpa ubingwa Wayne Munn, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Marekani. Mtu wa miraba minne, anavutia watu, ila mieleka yenyewe hakuijua. Aprili 15, mjini Philadelphia, walimpangia Stanislaus Zbyszko, mkongwe aliyetakiwa kushindwa. Zbyszko alikuwa amekubaliana na kambi ya wapinzani. Akamwangusha Munn kikweli, akamwangusha tena, mbele ya umati, hadi mwamuzi hakuwa na namna ya kumnyima. Mei mwaka huohuo akaukabidhi ubingwa kwa Joe Stecher, mtu wa ile kambi.

Tangu hapo mapromota waliingiwa na hofu moja: bingwa asiyeweza kujilinda anaweza kuporwa ubingwa hadharani. Ndiyo sababu NWA ilimtegemea mtu kama Thesz kwa miaka mingi. Alikuwa anajua kuvunja kiungo cha mtu, na kila aliyepanda naye ulingoni alilijua hilo. Ukiijua Philadelphia ya 1925, utaitazama Montreal ya Novemba 9, 1997 kwa jicho jingine kabisa. Safari hii bingwa hakuporwa na mpinzani. Bret Hart, bingwa wa WWE, alikuwa anahamia WCW, kampuni pinzani, hakukubali kumwachia Shawn Michaels mkanda katika nchi yake mwenyewe, na mwenye kampuni, Vince McMahon mdogo, akaamuru kengele ipigwe Hart akiwa amebanwa kwa Sharpshooter, mbano wake mwenyewe, bila kusalimu amri. Hofu ilikuwa ileile ya mkanda kuondoka na mtu.

Usiishie Marekani. Meksiko ilikuwa na kampuni yake tangu 1933, na huko El Santo, aliyefariki Februari 1984, alizikwa na kinyago chake usoni. Japani, wanafunzi wawili wa mwanamieleka Rikidozan, Inoki na Giant Baba, walianzisha kila mmoja kampuni yake mwaka 1972. Na pambano la Inoki na Muhammad Ali, Tokyo, Juni 26, 1976, litazame hata kama utasinzia. Raundi 15, Inoki akiwa chini muda mwingi anaipiga miguu ya Ali mateke, mwisho sare. Ali alitoka na miguu iliyovimba ikahitaji matibabu. Wale waliodai ni mchezo wa kupangwa wakakosa la kueleza, na wale waliotaka burudani wakakasirika.

Mtu akikuambia "lakini si ni uongo," usigombane naye. Mwaka 1989 kampuni ya McMahon yenyewe ililieleza bunge la New Jersey kwamba mieleka ni burudani, ili iondokane na usimamizi na kodi za kimichezo. Siri hiyo imeshazeeka. Mwonyeshe Mick Foley akitupwa kutoka juu ya kizimba mjini Pittsburgh, Juni 28, 1998, halafu akirudi kupanda tena.

Kuna kitu kimoja sikiweki kwenye maswali ya chemsha bongo, na nakuomba nawe usikiweke: vifo. Owen Hart alianguka kutoka darini Kansas City, Mei 23, 1999, na onyesho likaendelea. Tarehe hiyo ijue, lakini usimuulize mtu ili upate pointi. Ukitaka kumkumbuka, tafuta pambano lake na kaka yake Bret kwenye WrestleMania X, Machi 1994, ambalo Owen alishinda.

Kuhusu mjadala wa Ric Flair alikuwa bingwa wa dunia mara ngapi: 16 ni hesabu rasmi, na John Cena aliivuka Aprili 2025 kwa kufikisha 17. Kabla hujaingia kwenye ubishi huo, tafuta habari za Machi 1984, Flair na Harley Race walipopokezana ubingwa New Zealand na Singapore, na NWA ikakaa kimya. Kisha amua mwenyewe utaiandika kwenye safu ipi.