Kabla hujatuma namba yako

Wiki hii nimerudisha maombi matatu ya kuunganisha msimbo (yaani mabadiliko ya programu ambayo mtu anaomba yaingizwe kwenye mradi), na yote yalikuja na maelezo yale yale: "Sasa inakwenda kasi zaidi." Kasi kuliko nini? Kwenye mashine gani? Wadogo zangu, nafurahi sana kuona vijana wa Kampala, Gulu na Mbarara mkiingia kwenye mradi wa kupima kasi ya msimbo. Ila mwongozo wa uchangiaji hausomwi. Karibu kila mstari wake ulizaliwa na kosa la mtu, na mmojawapo ni wangu.

1. Eleza hali ya mashine: prosesa, toleo la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), na kama chaja ilikuwa imechomekwa.

Hilo la chaja ndilo mnaloliona la kitoto. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nimepanga chumba Kikoni. Nilikuwa nimeandika upya sehemu ya kusoma JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data. Jioni moja umeme ukakatika. Nikapima toleo la zamani kwa betri, taa ya simu ikiwa kwenye dirisha. Saa tatu usiku umeme ukarudi, nikachomeka chaja, nikapima toleo langu. Kasi imepanda kwa asilimia 31! Nikatuma usiku ule ule. Watunza mradi wakaniamini, wakaunganisha, na jedwali la matokeo likabadilishwa.

Kumbe laptopu ikiwa kwenye betri ilikuwa inashusha mwendo wa prosesa ili kubana chaji. Nilikuwa nimepima betri na chaja, sikupima msimbo.

Siku sita baadaye dada mmoja wa Ujerumani akarudia kipimo, hakuona tofauti yoyote. Akaniuliza kwa upole: "Mashine ilikuwa kwenye umeme mara zote mbili?" Nilisoma swali lile nikaugeukia waya wa chaja uliokuwa juu ya kitanda, nikajua. Nikakaa kimya siku mbili. Kukosea kipimo kunaweza kumpata yeyote. Kimya kile ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwa sababu ndani ya siku zile mbili mchangiaji mwingine aliendelea kurekebisha maktaba yake akiifuata namba yangu. Kazi yake yote ikatupwa. Nilipokiri, hakunitukana. Aliandika tu, "Ungesema jana."

Kwa hiyo ukigundua umekosea, sema saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na hujui utaanzaje.

2. Rudia kipimo walau mara kumi, kila mara ukiiwasha programu upya, na utume muda wote, si ule uliokupendeza. Wanaotumia Python wasikilize hapa: tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, heshi za maandishi (namba ambazo Python hukokotoa kutokana na maneno ili iyapate haraka) hubadilika kila programu inapowashwa, hivyo mpangilio wa seti nao hubadilika, na muda unaweza kutofautiana. Kijana mmoja alinigombania kwa saa nzima, tukila rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) pale Wandegeya, kwamba mashine yake ina matatizo. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

3. Tumia jibu la hesabu yako. Usipolitumia, kompaila ya C++ inaweza kuufuta mzunguko mzima wa hesabu unaorudiwa, nawe utabaki unapima utupu. Google Benchmark, maktaba ya kupimia kasi ya C++, ina DoNotOptimize kwa kazi hiyo.

4. Ombi moja, jambo moja. Kupanga nafasi na mabano kuje peke yake.

5. Java ipashe moto kwanza, yaani iendeshe mara kadhaa bila kupima, ndipo uanze kuhesabu muda.

Leo jioni naanza kupitia yaliyorundikana. Wewe uliyetuma lile la jedwali la heshi, kazi yako ni nzuri na nimeisoma mara mbili. Ongeza mstari wa chaja, nitaanza na lako.