Mama ana saratani ya titi, sasa ameambiwa ana limfoma ya ngozi

Pole sana dada. Nimekuelewa: mama yako anaendelea na tamoksifeni, dawa yake ya saratani ya titi, mabaka ya mapajani hayakusikia dawa za fangasi, na sasa kipimo cha kinyama kimesema maikosisi fungoidesi. Unauliza kama saratani ya titi imesambaa.

Si lazima. Maikosisi fungoidesi ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, hapa zile ziitwazo seli T; inaanzia kwenye ngozi yenyewe, na mtu anaweza kuwa na saratani mbili zisizohusiana. Nilimuuguza shangazi mwenye hali kama hii, na kilichotusaidia ni kuomba kinyama kilekile kipimwe kwa imunohistokemia, yaani kutia rangi maalumu zinazoonyesha aina ya seli. Hapo seli T hutofautishwa na seli zilizotoka kwenye titi. Majibu yasipoeleweka, kinyama kikatwe tena, sehemu nyingine. Muulize daktari kama mama asitishe kwanza krimu za steroidi, maana huficha ugonjwa.

Kwa ngozi nyeusi mabaka huweza kuwa meupe-meupe, ndiyo maana huchelewa kutambuliwa. Yapige picha kila mwezi, mchana, pembeni ukiweka rula.

Kwa kuwa mko Moshi, anzeni kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC. Daktari wake wa saratani aione ripoti kabla ya dawa yoyote mpya, na tamoksifeni asiiache mwenyewe. Ikiwa bado ni mabaka tu, mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kupaka au mwanga maalumu, na wengi huishi nayo miaka mingi.

Akipata uvimbe unaochimbika, tezi kuvimba, homa, au ngozi kuwaka mwili mzima, msisubiri kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.