Binti karudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango

Dada yangu wa Mwambani, pole sana. Unauliza kama ni haki binti yako wa kidato cha kwanza, shule ya serikali hapa Tanga, kurudishwa nyumbani kwa mchango wa madawati na masomo ya ziada. Si haki hata kidogo.

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Sare, madaftari na kalamu ni juu yako, na kwa anayetegemea kuuza dagaa hata hizo ni mzigo. Lakini mchango ni hiari. Hata kikao cha wazazi kikikubaliana, mtoto hawi dhamana ya deni.

Kesho asubuhi mpeleke mwenyewe, na shangazi yake akusindikize. Muone mkuu wa shule kwa upole, umwombe aandike sababu ya kumrudisha. Akikataa kumpokea, nenda kwa afisa elimu kata, kisha afisa elimu sekondari wa jiji.

Kinachoniuma zaidi ni hayo masomo ya ziada. Mada ikifundishwa kwenye kipindi cha kulipia tu, mtoto wa maskini anaachwa nyuma akiwa darasa lilelile, na mtihani hauulizi nani alilipa. Mwulize mwalimu ni mada zipi, binti aazime daftari la mwenzake anakili. Na kama hamumo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, mwone mwenyekiti wa mtaa akueleze kaya zinaandikishwaje.